Kompyuta tatu, kibodi moja: jinsi ya kupanga meza yako Bujumbura

Ingia katika duka la kuchapa na kutoa fotokopi, Buyenzi, Bwiza au Nyakabiga, na mara nyingi utakuta meza moja imebeba kompyuta mbili au tatu. Ya kwanza ni ya siku nyingi, na hakuna anayethubutu kuigusa ndani kwa sababu ndiyo pekee inayoelewana na printa. Ya pili hupokea flashi za wateja kutwa nzima. Ya tatu ni laptopu ya mwenye duka, yenye hesabu na orodha ya madeni. Kila moja ina kibodi na mausi yake, lakini anayezitumia zote ni mtu mmoja, na karatasi za wateja hazina pa kukaa.

Kama meza yako iko hivyo, iwe dukani, ofisini, shuleni au nyumbani, mwongozo huu ni wako. Utabaki na kibodi moja, mausi moja na monita moja, na kompyuta zako zote zitaendelea kufanya kazi.

Kwa nini usihamishie kila kitu kwenye kompyuta moja?

Kwa sababu kutenganisha kazi kunakulinda. Flashi ya mteja ikileta virusi, vitaishia kwenye kompyuta ya wateja na hesabu zako zitabaki salama. Kompyuta ya zamani ikifa, kazi nyingine haisimami. Usichohitaji ni vile vifaa vya mezani vinavyojirudia.

Umeme nao una hesabu yake. Monita ya LED ya inchi 20 hivi hula wati 15 hadi 25. Tuseme 20. Ukiondoa monita mbili, umeokoa wati 40. Kwa saa 10 za kazi hiyo ni uniti 0.4 kwa siku, na kwa mwezi wa siku 26 za kazi ni uniti 10.4. Kwa mwenye mita ya Cash Power hizo ni uniti zinazoonekana. Na umeme ukikatika, UPS yako inakuwa na mzigo mdogo, kwa hiyo unapata muda zaidi wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Chagua njia kabla ya kutoa pesa

Kuna njia tatu, na watu wengi hununua kifaa cha njia moja huku shida yao ni ya njia nyingine.

1. Kisanduku cha KVM. Kompyuta zote zinaunganishwa na kisanduku hicho kwa nyaya, na upande wa pili unachomeka kibodi, mausi na monita. Ukibonyeza kitufe unahamia kompyuta nyingine. Hakihitaji programu wala mtandao, na kinafanya kazi tangu kompyuta inapowaka, kabla hata Windows haijafunguka. Hii ndiyo njia ya mwenye monita moja.

2. Programu ya kushirikisha kibodi na mausi. Unasogeza mausi hadi ukingo wa monita hii, inaibukia kwenye kioo cha kompyuta ya pili. Lakini kila kompyuta lazima iwe na kioo chake, kwa sababu programu hizi hazihamishi picha. Zinamfaa mwenye laptopu mbili, au laptopu na kompyuta ya mezani.

3. Kuingia kwa mbali. Kompyuta ya pili inafunguka ndani ya dirisha kwenye kompyuta ya kwanza, kwa kupitia mtandao wa ndani. Inafaa pale kompyuta ya pili ilipo chumba kingine au haina monita kabisa.

Ushauri wangu kwa duka dogo la Bujumbura ni kisanduku cha KVM. Ukiwa na laptopu mbili tu, usinunue kitu, anza na njia ya pili, ambayo ni bure. Iwe ya pili au ya tatu, njia hizi hutumia mtandao wa ndani, yaani ruta yako tu. Megabaiti ulizonunua haziguswi, na hata intaneti ikipotea kazi inaendelea.

Umeme kwanza: jambo linaloua vifaa

Soma sehemu hii hata ukiruka nyingine.

Umewahi kugusa bodi la chuma la kompyuta ukiwa miguu mitupu ukasikia mtekenyo? Ndani ya kifaa kinachopokea umeme wa kompyuta mna kichujio kinachosukuma umeme kidogo sana kwenye bodi la chuma, kikitegemea waya wa ethi uupeleke ardhini. Pasipo ethi, umeme huo hubaki kwenye bodi. Nguvu yake ni ndogo, lakini ukiweka kipimo kati ya bodi na ardhi unaweza kusoma volti 100 hivi, karibu nusu ya zile 220 za ukutani. Sasa chukua kompyuta mbili za namna hiyo, moja imechomekwa ukuta huu na nyingine ukuta ule, halafu uziunganishe kwa kebo ya HDMI. Tofauti ya umeme kati yao itapita kwenye pini nyembamba za kebo hiyo, na mara nyingine tundu la HDMI au la USB linaungua papo hapo. Fundi ataambiwa kisanduku kilikuwa kibovu, kumbe kosa liko ukutani.

Bujumbura tatizo hili ni la kawaida kwa sababu ya plagi. Soketi zetu ni za matundu mawili ya mviringo, na ile yenye ethi ina kijiti cha chuma kinachochomoza katikati. Kompyuta nyingi zinazoletwa kutoka Dubai, Kenya, Tanzania au Uganda zina plagi ya pini tatu bapa. Ili iingie, watu huweka adapta ya pini mbili za mviringo, na hapo ethi imekatwa hata kama nyumba yako inayo.

Fanya hivi:

- Mwite fundi umeme apime soketi ya mezani. Kati ya waya wenye moto na kijiti cha ethi panapaswa kusomeka karibu volti 220. Kijiti kuonekana hakutoshi, kwa sababu nyuma yake huenda hapakufungwa waya.
- Badala ya adapta, badilisha waya wa umeme wenyewe. Ule wa kompyuta za mezani hauchagui aina ya kompyuta. Nunua wenye plagi ya duara iliyo na tundu la ethi.
- Kompyuta zote, monita na kisanduku vipate umeme kutoka ekstensheni moja yenye ethi, na ekstensheni hiyo itoke kwenye UPS au stebilaiza moja inayobeba mzigo wote.

Kununua: beba laptopu yako uende nayo dukani

Kabla ya kwenda Rohero au Quartier Asiatique kutafuta, geuza kompyuta zako utazame mgongoni. Kompyuta za mezani zilizotumika ofisini Ulaya, kama Dell OptiPlex 7010 au HP EliteDesk 800 G1, zina tundu la VGA na matundu mawili ya DisplayPort, lakini hazina HDMI. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zina HDMI na hazina VGA. Kwa hiyo mchanganyiko hauepukiki, na kanuni zake ni hizi:

- Kutoka DisplayPort ya kompyuta za aina hiyo kwenda HDMI: adapta ndogo inatosha.
- Kutoka HDMI kwenda VGA: adapta ipo, lakini hairudi nyuma. Ukiigeuza haitoi picha.
- Kutoka VGA kwenda HDMI: utahitaji kigeuzi chenye umeme wake, na maandishi madogo huwa na ukungu. Epuka.

Ikiwa monita yako ina VGA tu na kompyuta zako nyingi zina VGA, nunua kisanduku cha VGA bila kuona haya. Kwa kuchapa na hesabu kinatosha kabisa. Ikiwa monita ina HDMI, chukua cha HDMI.

Dukani uliza na ujionee:

☐ Kina nafasi ngapi? Chukua chenye nafasi moja zaidi ya kompyuta ulizonazo.
☐ Kebo zake zimo ndani ya boksi? Kompyuta moja hudai mbili, ya picha na ya USB. Kebo zikinunuliwa kando zinaweza kukugharimu kuliko ulivyotazamia.
☐ Kina kitufe cha kubonyeza kwa mkono, au kinategemea kibodi peke yake?
☐ Kina tundu la umeme wake? Vidogo hujilisha kwa USB, vyenye nafasi nne mara nyingi huhitaji adapta ya volti 5.
☐ Kimejaribiwa na laptopu yako mbele ya macho yako?

Ukiona kisanduku cha zamani chenye matundu ya duara ya zambarau na kijani, yale ya PS/2, kiache isipokuwa kompyuta zako zina matundu hayo. Na ukikipata, usichomoe kibodi ya PS/2 wakati kompyuta imewaka.

Kufunga, hatua kwa hatua

1. Zima kila kitu, kisha chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.
2. Kata vipande vya seloteipu ya karatasi, andika 1, 2, 3, ubandike kwenye ncha zote mbili za kila kebo na mbele ya kila kompyuta.
3. Chomeka monita kwenye tundu la kisanduku lililoandikwa OUT, MONITOR au CONSOLE.
4. Chomeka kibodi na mausi kwenye matundu yenye picha zake. Ukiiweka kibodi kwenye tundu la kawaida la USB itachapa, lakini mbinu ya kuhama kwa kibodi haitafanya kazi.
5. Kutoka kompyuta ya 1, peleka kebo ya picha na ya USB kwenye nafasi ya 1. Zote mbili. Fanya hivyo hivyo kwa ya 2 na ya 3. Ukichanganya, utaona kioo cha kompyuta moja huku unachapa kwenye nyingine, na utafuta usichokiona.
6. Rudisha umeme. Washa monita. Weka kisanduku kwenye 1, washa kompyuta ya 1, subiri ifunguke kabisa. Hamia 2, washa ya 2. Kisha 3. Usiziwashe zote kwa pamoja, kwa sababu kompyuta nyingi za zamani hutafuta kibodi na monita zinapowaka. Zisipoviona, hugoma na maandishi ya kosa au hufunguka na picha kubwa iliyovutika.
7. Kwa laptopu, bonyeza Windows na P uchague kioo cha pili tu. Kisha katika mipangilio ya umeme, amuru kwamba kufunga mfuniko kusifanye lolote. Iache na nafasi ya kupumua, isifunikwe na karatasi.
8. Zuia kompyuta kusinzia zenyewe. Iliyosinzia wakati kisanduku kiko upande mwingine mara nyingi haiamki kwa kibodi. Usiyoitumia, izime.

Kuhama hufanyika kwa kitufe, au kwa kubonyeza Scroll Lock mara mbili kisha namba ya kompyuta. Visanduku vingine hutumia Ctrl mara mbili. Karatasi ya maelekezo itakuambia. Kabla ya kununua kibodi mpya angalia kama ina Scroll Lock, maana nyingi za sasa hazina.

> USIFANYE
> Usinakili faili kwenye flashi iliyochomekwa kwenye kisanduku kisha ukahama. Kwa kompyuta, kuhama ni sawa na kuchomolewa flashi ghafla, na faili huharibika. Zaidi ya hapo, flashi iliyobaki kwenye kisanduku itahamia na wewe kwenye kompyuta ya hesabu pamoja na virusi vyake. Flashi ya mteja iingie moja kwa moja kwenye mwili wa kompyuta ya wateja. Printa vilevile, ifunge kwenye kompyuta yake.

Herufi zinapochanganyika

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kurudisha kisanduku dukani, hali kisanduku hakina kosa.

Kompyuta haijui kilichoandikwa juu ya vitufe. Inajua tu kitufe kilichobonyezwa kiko wapi, kisha inatafuta herufi kwenye mpangilio uliowekwa ndani yake. Mjini kwetu kompyuta zinatoka kila upande. Za Ufaransa na Ubelgiji huja na AZERTY, za Dubai na nchi jirani huja na QWERTY. Zilipokuwa kila moja na kibodi yake hukuona tatizo. Sasa kibodi ni moja.

Jaribu neno *amahoro*. Ukilichapa kwa kibodi ya AZERTY kwenye kompyuta iliyopangwa kwa QWERTY ya Marekani, kioo kitaandika *q;qhoro*. Fanya kinyume, kibodi ya QWERTY kwenye kompyuta ya AZERTY ya Kifaransa, utapata *q,qhoro*. Kwenye ukurasa mtupu unaliona kosa mara moja. Kwenye neno la siri huoni ila nukta. Namba ni mbaya zaidi, kwa kuwa AZERTY hudai Shift kwa namba na QWERTY haidai, hivyo 2 uliyokusudia inageuka @. Mtu anaingiza neno lake sahihi mara kwa mara, kompyuta inalikataa, mwishowe anaamini ameibiwa akaunti.

Hata AZERTY mbili hazifanani. Alama ya @ kwenye kibodi ya Kifaransa ni AltGr na 0, kwenye ya Kibelgiji ni AltGr na 2.

Tiba yake:

1. Chagua kibodi moja utakayobaki nayo, ile ambayo vidole vyako vimeizoea. Itazame kama ni ya Kifaransa, ya Kibelgiji au QWERTY.
2. Kwenye kila kompyuta ya Windows ya Kifaransa, nenda Paramètres, kisha Heure et langue, uongeze mpangilio huo huo wa kibodi. Kisha ondoa mingine yote. Ukiacha miwili, siku moja utabonyeza Windows na kitufe cha nafasi bila kukusudia, na mpangilio utahama.
3. Fungua ukurasa mtupu kwenye kila kompyuta uandike: amahoro, 0123456789, @, alama ya kuuliza. Zikitoka sawa kote, umemaliza.
4. Zima na uwashe upya, uangalie kona ya chini ya kioo cha kuingilia. Mpangilio wa hapo unaweza kuwa tofauti na wa ndani.

Kibodi zilizobaki usizitupe. Moja utaihitaji siku ya ajali.

Ukichagua programu

Kwa kompyuta za Windows pekee, ipo Mouse Without Borders ya Microsoft. Ilitoka mwaka 2011, na tangu 2023 imo ndani ya kifurushi cha bure cha PowerToys. Inaunganisha hadi kompyuta nne. Sakinisha PowerToys kwenye zote, tengeneza ufunguo wa usalama kwenye ya kwanza, kisha kwenye ya pili ingiza ufunguo huo pamoja na jina la ya kwanza. Panga vioo kama vilivyokaa mezani, kulia na kushoto.

Ikiwa mojawapo ni Linux au Mac, tumia Deskflow, ambayo nayo ni bure. Kompyuta yenye kibodi inakuwa seva, nyingine zinaelekezwa kwenye anwani yake ya IP. Fayawoli ikiuliza, ruhusu mtandao wa faragha tu. Mlango wake ni 24800.

Umeme ukikatika na ruta ikazima, ikirudi inaweza kugawa anwani mpya, na programu iliyokuwa ikifanya kazi asubuhi haitaona kitu mchana. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uihifadhie seva anwani yake, au tumia jina la kompyuta badala ya namba. Na kama umeunganishwa kwenye mtandao wa wageni wa jengo, huenda kompyuta zimezuiwa zisionane. Hapo utahitaji ruta yako.

Kumbuka pia kwamba programu hizi huziunganisha kompyuta kwenye mtandao mmoja. Kisanduku hakifanyi hivyo. Kompyuta ya hesabu usiyotaka iguse intaneti, iache kwenye kisanduku.

Kuhusu kuingia kwa mbali nitasema kwa ufupi. Remote Desktop ya Windows inataka kompyuta inayotawaliwa iwe na toleo la Pro. La Home linakataa. Kwa nyingine tumia RustDesk. Usifungue mlango 3389 kuelekea intaneti kwa sababu yoyote, wezi huutafuta usiku na mchana. Na kompyuta ikigoma kuwaka, njia hii haikuonyeshi chochote, itabidi ubebe monita uende ulipo mtambo.

Umeme ukikatika, na ukirudi

Ukikatika: hifadhi kazi kwenye kompyuta uliyopo, izime, hamia inayofuata. Kati ya zinazofuata, ya hesabu itangulie. Mfundishe kila anayekaa mezani, kwa sababu ukiwa na kioo kimoja ni rahisi kusahau kwamba kompyuta mbili bado zinawaka gizani.

Ukirudi: usikimbilie. Dakika za kwanza volti hupanda na kushuka. Subiri taa zitulie, ndipo urudie hatua ya 6, moja baada ya nyingine. Mipangilio ya ndani ya kompyuta huwa na amri ya kujiwasha umeme unaporudi. Iache imezimwa isipokuwa una stebilaiza unayoiamini.

Kisanduku kikionekana kufa

- Picha ipo, kibodi haifanyi kazi: chomoa kibodi, subiri kidogo, chomeka tena. Ikishindikana, chomoa kebo zote za USB na umeme wa kisanduku kwa dakika moja, maana kinaendelea kujilisha kutoka kompyuta zilizowaka.
- Kibodi ipo, picha hakuna: hamisha kebo za kompyuta ya 1 ziingie nafasi ya 2. Picha ikirudi, nafasi ya 1 imekufa. Isiporudi, badilisha kebo kabla hujalaumu kompyuta.
- Picha inapotea na kurudi: kebo ni ndefu mno au hafifu. Kwa HDMI usizidishe mita 5.
- Mausi ya bila waya inakwama: hamishia kipokezi chake kwenye tundu la kawaida la USB la kisanduku, mbele, mbali na kebo ya picha.
- Hakuna linalosaidia na mteja anasubiri: zima, chomoa kisanduku, funga monita na ile kibodi uliyoihifadhi moja kwa moja kwenye kompyuta yenye printa. Mhudumie kwanza, kisanduku utakipeleka kwa fundi jioni.